Mwongozo kwa Mwenye Kuhama na Paka au Mbwa Wake

Kwa aliyezaliwa Mombasa, akakulia katika nyumba ambayo paka huingia na kutoka kama jamaa asiyebisha hodi, ni vigumu kudhani kwamba kiumbe huyo, ambaye maisha yake yote hakuulizwa hati ya kuvuka uchochoro, atatakiwa siku moja awe na nambari, cheti, muhuri wa serikali na majibu ya maabara ya ng'ambo kabla ya kuruhusiwa kuweka unyayo katika ardhi ya watu. Mimi sikudhani. Nilipopata kazi Hamburg, na mke wangu akakata shauri kwamba hahami bila Nunda, paka wetu wa rangi ya majivu tuliyempa jina la yule paka mla watu wa hekaya kwa kejeli tu, kwa kuwa hata panya walikuwa wamemzoea, nilikwenda kumwarifu mzee jirani yetu, naye akacheka hata kofia ikamwenda upande, akaniambia: "Mwanangu, binadamu wenzio wanyimwa viza, wewe wamtafutia paka?"

Paka hahitaji viza, lakini anahitaji kitu ambacho kwa mtu mwenye haraka ni kigumu kuliko viza, nacho ni kwenda kwa taratibu. Kila tendo katika safari yake lina mahali pake katika mfuatano, na tendo lililofanywa kabla ya wakati wake, hata likifanywa na daktari hodari na kulipiwa kwa fedha halali, huhesabiwa kuwa halikufanywa. Ukilishika neno hili moja, mengine yote nitakayokueleza yatakuwa mepesi. Ukilipuuza, utatumia fedha mara mbili kama nilivyotumia mimi.

Ajuaye sababu ya masharti haya huyavumilia kwa moyo mkunjufu zaidi kuliko ayaonaye kuwa ni ukorofi wa makarani. Sababu ni kichaa cha mbwa. Maradhi haya hupita kwa mate, aghalabu kwa kuumwa, na kirusi chake hutambaa polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, safari ambayo huchukua majuma na pengine miezi, na muda wote huo mnyama hula, hucheza na kulala mithili ya mzima. Chanjo ya kumwokoa aliyeumwa tunayo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa, mwaka 1885, lakini dalili zikishadhihiri, hakuna dawa inayotegemewa. Nchi za Ulaya ya magharibi zimeufukuza ugonjwa huu kwa mbwa wao kwa gharama na subira, wala hazitaki urudi ndani ya kikapu cha msafiri. Na katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya nchi ambazo wanyama wake huingia kwa masharti mepesi, Kenya na Tanzania hazimo, ingawa Mauritius imo.

Zamani dawa ya shaka hii ilikuwa karantini. Uingereza ilikuwa ikiwafungia mbwa na paka watokao ng'ambo miezi 6 kamili, desturi iliyoanza kulegezwa mwaka 2000 kwa wanyama wenye chipu, chanjo na kipimo cha damu. Neno lenyewe si geni kwetu: Changuu, kile kisiwa kilicho mkabala wa mji wa Unguja, kilijengewa gereza kisha kikatumika kuwa karantini ya abiria wa marikebu walioshukiwa kuwa na maradhi, na hata leo wakazi wake mashuhuri ni kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, waliovushwa bahari, nadhani, bila ya kuulizwa cheti. Karantini ya siku hizi haina kisiwa. Unaifanya nyumbani kwako mwenyewe, kwa kungoja, na kungoja huko ndiko kunakowashinda watu.

Anza na chipu. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, hakina betri, nacho hutiwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo au baina ya mabega. Hukaa kimya umri wote wa mnyama ila pale mashine ya kusomea ipitishwapo juu yake, ndipo hutoa nambari yenye tarakimu 15. Chipu inayokubaliwa ni ya kipimo kiitwacho ISO 11784 na 11785, ambayo tarakimu zake tatu za mwanzo huonyesha ama nchi, kwa mfano 404 kwa Kenya na 834 kwa Tanzania, ama kiwanda kilichoitengeneza, na hizo za viwanda huanzia 900. Mwombe daktari wa mifugo aisome chipu ingali ndani ya sindano, kisha aisome tena ikiwa shingoni, na nambari ile uiandike wewe mwenyewe mahali usipopapoteza.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hufuata baada ya chipu, au siku ile ile ya chipu, wala haitangulii kamwe, na mnyama awe ametimiza majuma 12 tangu kuzaliwa. Hapa ndipo nilipojikwaa. Daktari wa kwanza tuliyemwendea, mtu mpole mwenye mkono mwepesi, alikuwa ameishiwa na chipu siku ile, basi kwa nia njema akamchanja Nunda kwanza akatuambia turudi juma lijalo kutiwa hiyo chipu. Tukarudi, ikatiwa, tukafurahi. Miezi miwili baadaye, nikiwa nimeketi barazani na fomu ya cheti cha Ulaya mapajani, nikijaza kwa penseli ili nione yanayopungua, nikafika kwenye mstari wa tarehe ya chipu na mstari wa tarehe ya chanjo, nikaandika 14 hapa na 6 pale, nikatazama, nikafuta, nikaandika tena, nambari zikawa zile zile. Kwa mujibu wa sheria ile, chanjo iliyotangulia chipu ni chanjo ya paka asiyejulikana. Nunda alichanjwa upya, hesabu ikaanza upya, mimi nikapanda ndege peke yangu, na mke wangu akabaki Mombasa na paka. Kwa hivyo nakusihi: ijaze fomu ya mwisho kwa penseli siku ya kwanza, kabla hujalipa hata senti.

Baada ya chanjo hungojewa siku zisizopungua 30, kisha hutolewa damu ili ipimwe kama mwili umeitikia. Kipimo hutafuta kingamwili, na kiwango kinachotakiwa ni uniti 0.5 za kimataifa kwa kila mililita au zaidi. Damu hii haipimwi po pote. Sharti iende kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, kama ile ya Nancy, Ufaransa, ambayo ndiyo maabara ya rejea kwa kipimo hiki, na daktari wako ndiye atakayeitenga seramu, aifunge katika baridi na kuituma pamoja na barua zake. Majibu yakija mazuri, usifungashe bado. Kuanzia siku damu ilipotolewa, wala si siku majibu yalipokuja, itapita miezi 3 kamili kabla mnyama hajaingia Ulaya. Ukijiuliza ni ya nini subira hiyo na hali kingamwili zimekwisha onekana, kumbuka yale ya kirusi kitambaacho: mnyama aliyeumwa siku chache kabla ya chanjo anaweza kuwa na kingamwili za kuridhisha na ugonjwa ndani yake, na miezi ile mitatu ni muhula anaopewa ugonjwa ujitokeze kama upo.

Sasa hesabu kinyumenyume, kwa kalenda ya ukutani na kalamu. Tuseme wataka kufika Ujerumani tarehe 20 Desemba. Damu sharti iwe imetolewa isizidi tarehe 20 Septemba, na chanjo isizidi tarehe 21 Agosti. Lakini anayeanza Agosti amejiachia nafasi ya kukosea sifuri, kwa kuwa damu ikirudi na kiwango pungufu, chanjo hurudiwa, damu hutolewa tena, na miezi mitatu huhesabiwa upya. Basi mwenye busara ataanza Juni. Kisha tazama mwisho wa hesabu: cheti cha afya hutolewa na kuthibitishwa na daktari wa serikali ndani ya siku 10 kabla ya kufika, na katika siku hizo kumi za Desemba kuna tarehe 12, sikukuu ya Jamhuri, ambapo hutamkuta ofisini mtu wa kupiga muhuri. Kwa anayetoka Dar es Salaam, ajue kwamba tarehe 9 ni Uhuru.

Cheti hicho, Kenya, ni kazi ya Idara ya Huduma za Mifugo, ambayo makao yake makuu yako Kabete, Nairobi, na Tanzania bara ni ya wizara ya mifugo. Zanzibar ina idara yake. Uende nacho kikiwa tayari kimejazwa na daktari wako, katika lugha ya nchi utakayoingilia pamoja na Kiingereza, kwa maana Mjerumani wa forodha hakulazimika kusoma lugha nyingine, na pamoja nacho uwe na tamko lako la maandishi kwamba mnyama si wa kuuzwa. Jina lililo katika hati liwe la yule atakayesafiri, au la mtu aliyempa mwenzake idhini ya maandishi. Na mwenye mnyama na mnyama wake wasipishane kwa zaidi ya siku 5. Kwetu sisi hati zote, zilizokuwa kwa jina langu, ziliandikwa upya kwa jina la mke wangu. Usiku wa kuamkia safari tulikaa kwenye simu, yeye Mombasa na cheti mkononi, mimi Hamburg na picha ya kitabu cha chanjo, akanisomea tarakimu 15 moja moja nami nikizifuata kwa ncha ya kidole, mara tatu, kwa kuwa tarakimu moja iliyokosewa humfanya paka kuwa paka mwingine.

Mintarafu ya ndege yenyewe, uliza nafasi ya mnyama kabla hujanunua ya kwako. Mashirika yanayoruhusu paka au mbwa mdogo ndani pamoja na abiria huweka kikomo, aghalabu kilo 8 pamoja na mfuko wake, na tena huweka idadi ya wanyama kwa kila safari, hata ukawa na tiketi na paka wako hana. Ndivyo ilivyokuwa kwa Nunda: nafasi za ndani zilikuwa zimekwisha, ikabidi asafiri chini, katika sehemu ya mizigo yenye hewa na joto la kiasi, ndani ya kizimba. Na wanyama wa pua bapa, kama paka wa Kiajemi na baadhi ya mbwa wa Kizungu wenye nyuso zilizobonyea, mashirika mengi hayawachukui chini kabisa, kwa kuwa pumzi zao ni za shida hata wakiwa sebuleni.

Kizimba ni jambo la kutazamwa kwa makini, maana watu wengi hukinunua kwa jicho. Umoja wa mashirika ya ndege, IATA, una kanuni zake za wanyama, na kiini chake ni kwamba mnyama aweze kusimama bila ya kuinama, kugeuka, na kulala kwa namna yake ya kawaida. Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima kutoka puani hata shina la mkia, kisha kutoka sakafuni hata kiwiko cha mguu wa mbele; kipimo cha kwanza ukijumlisha na nusu ya cha pili ndio urefu wa kizimba. Nunda alikuwa na sentimita 40 na 16, basi kizimba chake hakikuweza kupungua sentimita 48 kwa urefu. Upana ni mara mbili ya mabega yake, na kimo ni kutoka sakafuni hata ncha ya masikio, pamoja na unene wa tandiko. Hewa ipite pande zote nne. Vipande vifungwe kwa skrubu na kokwa za chuma wala si vibanio vya plastiki. Magurudumu, kama yapo, yaondolewe. Bakuli la maji lishikizwe mlangoni liweze kujazwa kutoka nje. Na juu pabandikwe alama za mnyama hai na mishale ya kuonyesha upande wa juu.

Kizimba kikishapatikana, kiingize nyumbani majuma mengi kabla ya safari, kiache wazi pembeni kama fanicha nyingine, wala usimtie mnyama kwa nguvu. Mke wangu alitandika humo leso yake kuukuu isiyofuliwa, akawa anaweka dagaa kwenye kizingiti cha mlango, kila siku ndani zaidi kwa kiasi cha shubiri. Siku ya kumi na moja Nunda aliingia mwenyewe, akajizungusha mara mbili, akalala na mkia nje. Tangu siku ile kizimba kikawa chake, na wageni wakamkuta humo akiwatazama kama kadhi. Dagaa nao wana mwisho wao: mnyama azoeshwe chakula cha kopo taratibu kabla ya kuondoka, asije akabadilishiwa nchi, hewa na sahani kwa siku moja.

Usimpe dawa ya usingizi. Najua kwamba huruma ndiyo inayowaongoza watu huko, lakini dawa hizo huweza kushusha pumzi na mpigo wa moyo na kumwondolea mnyama uwezo wa kujishika ndege iyumbapo, na hakuna mtu huko chini wa kumtazama. Mashirika mengi humkataa mnyama aliyeleweshwa. Mlishe kidogo, saa chache kabla ya kuondoka, mpe maji, na uchague ndege ya usiku, kwa kuwa adha kubwa ya mnyama aghalabu haipo angani bali chini, pale kizimba kinapongoja juani kwenye lami ya uwanja.

Ukifika Ulaya usifuate umati wa abiria wanaopita njia ya kijani. Wewe una cha kutangaza. Ingilia kwenye uwanja ulioruhusiwa kupokea wanyama wa kutoka nje ya Umoja, kama Frankfurt, ushike njia nyekundu, uonyeshe hati zako kabla hujaulizwa. Mke wangu husimulia kwamba afisa alisoma karatasi zote kwa muda ulioonekana kuwa mrefu kuliko safari, kisha akapitisha mashine shingoni mwa Nunda mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya, na damu ikamkauka, kwa kuwa chipu wakati mwingine huteleza chini ya ngozi. Mara ya tatu mashine ikalia karibu na bega la kushoto, afisa akalinganisha nambari, akapiga muhuri, akamuuliza jina la paka. Asiyetimiza masharti huenda akarudishwa alikotoka au akafungiwa kwa gharama ya mwenyewe.

Anayekwenda kwingine ayachukue haya kuwa msingi, kisha aulize ubalozi au wizara ya huko, kwani masharti hubadilika. Uingereza hudai chipu, chanjo, kipimo cha damu na miezi mitatu kama Ulaya, lakini mnyama aingiaye kwa ndege huingia kama shehena kwa njia iliyoidhinishwa, wala si mapajani mwako, na mbwa, si paka, hupewa dawa ya tegu na daktari baina ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2024, humtaka mbwa awe na miezi 6 au zaidi pamoja na chipu, na atokaye nchi kama zetu, akiwa amechanjwa huku, huingilia viwanja vichache tu vilivyotajwa. Paka wana nafuu, ila majimbo yana sheria zao. Australia haimpokei moja kwa moja mnyama wa Kenya wala wa Tanzania.

Ndugu waishio Ulaya, wanaokuja Mombasa au Tanga likizo na mbwa wao, wana njia ya kuikwepa ile miezi mitatu, na nashangaa wangapi hawaijui: damu ipimwe kabla ya kuondoka Ulaya, majibu yaandikwe katika pasipoti ya mnyama, naye atarudi bila ya kungoja.

Kama mnyama wako ni mzee sana au ana maradhi ya moyo, mwachie dada yako. Nasema dada yako, mtu mwenye jina na bakuli, sisemi mtaa. Yule asemaye kwamba paka atajitafutia amejipa ruhusa ya kumtupa.

Nyumbani kupya mfungie katika chumba kimoja siku za kwanza, na leso ile ile, na choo chake cha mchanga. Nunda alikaa chini ya kabati siku mbili, ya tatu akatoka usiku akala sahani nzima na kupanda dirishani kutazama nje. Lilikuwa likipita gari la takataka, naye akaliangalia hata likapinda kona. Ujerumani mwenye mbwa hulipa kodi ya mbwa, paka halipiwi, lakini nambari ya chipu iandikishe kwa jina na simu yako mpya. Shirika la TASSO hufanya hivyo bila ya malipo. Na tarehe ya chanjo ijayo iandike mahali unapoiona kila siku, kwa kuwa kipimo kile cha damu huendelea kuwa halali maadamu chanjo hairuhusiwi kupitwa na muda wake. Ikipitwa hata kwa siku moja, na ukataka kumrudisha Mombasa kuwaamkia jamaa na kuja naye tena, utaanza tena na chanjo, siku 30, damu na miezi 3. Yetu iko juu ya mlango wa friji, kwa wino mwekundu, chini ya tarehe za viza zetu wawili.